Kiingereza Kwanza, Sindano Baadaye

China wamefikiri mbali. Kijana anayetaka shahada ya uzamili ya tiba ya sindano za jadi hakabidhiwi mgongo wa mtu mpaka aonyeshe, kwa Kiingereza, kwamba anajua mwandishi wa jarida la London ana mtazamo gani kuhusu riba za benki. Kwenye mtihani wa Kiingereza wa kujiunga na uzamili: vifungu vinne vya kusoma, maswali 20, alama 40 kati ya 100. Jibu A ni sahihi, C ni sahihi zaidi. Mwandishi mwenyewe akiulizwa huenda akachagua B, akafeli. Na afeli tu! Mgonjwa wa kiuno anataka nini kingine? Hata anayetaka kusomea mashairi ya enzi ya Tang, iliyokwisha mwaka 907, alama za Kiingereza zikipungua, basi tuonane kwenye mtihani ujao, Desemba.