Sifa za Mchezo Unaogoma

Ngamia amesifiwa vya kutosha Kaskazini Mashariki mwa Kenya, na punda anayevuta mkokoteni wa maji mjini Garissa angalau hushukuriwa. Asiyepata wakili hadi leo ni mchezo mkongwe wa kompyuta uliohifadhiwa kama msimbo chanzo, ule ambao mtu akijaribu kuusimika kwenye Unix, au kwenye Linux iliyorithi tabia zake, hujibiwa kwa skrini nzima ya makosa. Nausimamia. Nadai kwamba kugoma kwake ndiko utamu wake, na kwamba utamu huo hauonjwi vizuri popote kama kati ya Mto Tana na Mandera.

Tuanze na nasaba, maana mshtakiwa ametoka ukoo mkubwa. Mwaka 1969 Ken Thompson wa Bell Labs alitaka kuucheza Space Travel, mchezo wake wa kuongoza chombo kati ya sayari, akauhamishia kwenye mashine ya PDP-7 iliyokuwa imeachwa pembeni. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa chimbuko la Unix. Anayeudharau mchezo basi amemdharau bibi mzaa seva. Mnamo 1980 Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Santa Cruz huko California, wakaleta Rogue: shimo lenye vyumba vya nukta na vistari, shujaa ambaye ni alama ya @, na mazimwi 26, kila moja na herufi yake. Toy alipohamia Berkeley alishirikiana na Ken Arnold, mwandishi wa maktaba ya curses inayoyachora hayo yote. NetHack, wa ukoo huohuo, alizaliwa 1987.

Sasa tazama adabu za mshtakiwa. Unafungua kifurushi, unaandika make, na kompaila inakueleza kwamba curses.h haipo. Inataja faili inayokosekana, inataja mstari inapohitajika. Ni madirisha mangapi ya ofisi yanayokueleza kwa ufasaha huo karatasi gani imepungua? Ukishaipata ncurses, toleo jipya la curses, pamoja na faili zake za waundaji, Rogue 5.4 huzusha nongwa nyingine: msimbo wake umezoea kuchungulia ndani ya muundo wa dirisha ili kujua kishale kiko wapi, na ncurses za siku hizi zimeufunga mlango huo. Itabidi usome, uelewe, kisha uombe kwa heshima kupitia getyx. Na tangu kompaila ya GCC 14 ya mwaka 2024, kuita funksheni isiyotangazwa, kosa ambalo lugha ya C ya zamani ililifumbia macho, husimamisha kazi yote. Mwanafunzi aliyekariri C muhula mzima bila kujua kukompaili kunaishia wapi na kuunganisha kunaanzia wapi atalijua hapa kabla chai haijapoa, kwa kuwa sasa ana kitu anachokitaka.

Mazingira nayo yanamtolea mteja wangu ushahidi. Michezo ya kisasa hupimwa kwa makumi ya gigabaiti. Msimbo wa Rogue haujazi hata megabaiti moja, kwa hiyo unapita hata pale mtandao unapokohoa. Wajir na Mandera zimetegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na minara ya simu ya huko imewahi kulipuliwa na al-Shabaab, watu wakabaki bila mawasiliano. Mtambo wa sola wa Garissa, wa takriban megawati 50, ulizinduliwa Desemba 2019, ila umeme wake huingia gridi ya taifa na haumwahidi yeyote kwamba stima haitapotea. Joto linapopita nyuzi 35, laptopu ya mtumba inayolazimishwa kuchora misitu na magari itazimika yenyewe. Kuchora herufi hakuipandishi hata pumzi. Hata katika kambi za Dadaab, ambako wakimbizi wamekuwa wakiishi tangu 1991 na hawaruhusiwi kutoka ovyo, mashine iliyochakaa haina udhuru wa kuukataa mchezo huu.

Mpinzani atasema: kwa nini kujitesa, wakati NetHack ipo tayari na husimikwa kwa amri moja? Kweli ipo. Lakini amri hiyo huhitaji mtandao palepale, na hukupa shimo la mtu mwingine. Aliyepitia makosa anajua jedwali la mazimwi liko faili gani. Herufi F, ambayo Rogue imeipa mmea unaonasa nzi, anaweza kumpa fisi. M akampa mamba wa Tana. Q na X, zinazomtatiza Mswahili, Msomali anazo katika abjadi yake.

Pingamizi zito zaidi halitoki maabara. Litatoka kwa wazee walioketi kivulini wakicheza shax: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, imechorwa mchangani, ina nukta 24, na kila mchezaji ana vipande 12 vya mawe au vijiti. Haikuomba stima wala maktaba. Nakiri kwamba hapa mteja wangu anatikisika. Lakini hebu tuitazame shax vizuri: hakuna anayeuziwa ubao uliokamilika. Mtu hubeba kanuni kichwani na kuujenga mchezo upya kila anapotua, kwa vifaa vya ardhi aliyoikuta. Mchezo huo husambazwa kama msimbo chanzo, na umedumu kwa sababu hiyo. Rogue nayo ilitoka kwenye mashine za enzi zake ikafika kwenye laptopu ya Garissa kwa njia hiyohiyo, ila mchanga wake una ukaidi zaidi.

Wapo watakaouliza kazi itatoka wapi katika shimo la herufi. Seva hugoma kwa lugha ileile, na anayeielewa hulipwa. Sitaki kulikuza hilo, maana mteja wangu hakuomba kusifiwa kwa manufaa. Sifa yake kubwa ni uaminifu. Siku utakapoushinda mgomo wake, ukaandika make install na @ akasimama chumbani, utakufa ghorofa ya kwanza, na ukifa umekufa, hakuna kurudia ulipoishia. Kisha mchezo utajaribu kuandika alama zako chache na kutangaza kwamba hauna ruhusa ya kuigusa faili ya washindi, kwa sababu folda ni mali ya kundi games na wewe hukujiunga nalo.