Namna ya Kuua Baraza kwa Nusu Saa

Ukihamia Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, utaitwa mkutanoni kabla hujaonyeshwa choo kilipo. Usiogope. Kuharibu mazungumzo ya majirani ni kazi nyepesi; mimi nimeifanya miaka mingi bila malipo, ukiondoa soda.

Fika umechelewa, ajenda ya maji ikiwa katikati. Inua mkono, anza na "kwa majina naitwa", kisha salimia kwa makundi: wazee, akina mama, vijana, wageni wetu. Dakika tano zimekwisha na hujasema neno. Mtu akiuliza kwa nini mtungi wa lita 20 umepanda bei, usiguse bei. Muulize alihamia lini. "Wewe ni wa juzi" imezima hoja nyingi kuliko chifu. Ikikataa, uliza kama ni mpangaji au mwenye ploti, halafu nyamaza, watagombana wenyewe. Ile ya "nani amekutuma?" iweke akiba ya msimu wa kura.

Ila kuna kikao ambacho silaha hizi hazifui dafu. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru eneo maalum la mipango: Reuben, Njenga na Viwandani, kaya zipatazo 100,000. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao wakawapanga watu nyumba kumi kumi ili wachangie mipango hiyo, kila kumi na mwakilishi wao. Ubaya wa watu kumi ni kwamba wanajuana. Mama wa mlango wa pili huwezi kumwita wa juzi. Alikuona ukiingia na godoro kichwani. Anajua unakochota maji, na deni lako dukani analijua pia. Hakuna kipaza sauti wala meza kuu. Nauli ya kurudi nyumbani utaidai vipi, na nyumbani ni hapo hapo? Watu wakakaa kwenye mitungi, wakabishana juu ya mitaro, vyoo na upana wa barabara, na, aibu iliyoje, wakasikizana. Lami ilipoanza kumwagwa mwaka 2020 chini ya NMS, idara iliyosimamia huduma za jiji wakati huo, sisi mafundi wa maneno tulibaki kando tukihesabu malori.

Kwa hiyo vikao vya mlangoni vipige vita mapema. Dai mkutano mkubwa, wenye hema, spika mbili na wageni wa heshima. Upo mmoja Jumapili hii, saa nane. Fika saa kumi.