Majumba ya Kale na Bustani za Turkana

Sahibu yangu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye kwa kukulia penye kivuli cha ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593 amejaaliwa kuamini kwamba jengo lisilo na mzinga mlangoni halina historia, alinijia Lodwar akiwa na shauku ya kutembezwa kwa siku moja katika majumba ya kale na bustani za Turkana. Sikuthubutu kumvunja moyo, hasa nilipomwona ameshuka garini na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia pana ya ukindu aliyoinunua makusudi kwa ajili ya jua letu.

Tulianza na nyumba ambamo serikali ya kikoloni ilimweka Jomo Kenyatta tangu 1959, alipomaliza kifungo chake Lokitaung, hata 1961 alipohamishiwa Maralal. Zama zile Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, haingiliki bila ya kibali, na jua lenyewe lilihesabiwa miongoni mwa askari wa zamu. Mwenzangu, ambaye ana desturi ya kumtangulia anayemwongoza, alisimama mbele ya jengo la kwanza la mabati makuukuu aliloliona, akavua kofia akaishika nyuma ya mgongo kwa taadhima, akatoa hotuba ndefu juu ya tawadhui ya wakubwa na jinsi mlango ule mwembamba ulivyoshindwa kuizuia fikira ya uhuru. Kijana mmoja mchunga mbuzi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, hiyo ni stoo ya mahindi." Na mwenzangu alipogeuka ili ajibu, mbuzi mmoja alikuwa amekwisha kula nusu ya kofia, kwani ukindu na mkoma ni ndugu, na mnyama aliyezoea majani ya mikoma ya mto Turkwel hakuona sababu ya kubagua. Nyumba yenyewe tulipoifikia, sahibu yangu alikuwa ameishiwa na maneno, nami nikamshukuru mbuzi kimoyomoyo.

Kutoka hapo tulishika njia ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, na katika mwendo huo mwenzangu alifarijika sana kwa kijani kibichi kilichotanda penye mabonde, akakisifu kuwa ndiyo bustani aliyoifuata. Dereva alicheka hata akapunguza mwendo. Kijani kile ni mathenge, mti uliopandwa ili kuzuia jangwa, nao ukaona afadhali kuyazuia malisho. Huko Baringo wenyeji walipoishitaki serikali kwa ajili yake, walimfikisha mahakamani mbuzi kibogoyo awe kielelezo cha madhara ya maganda matamu ya mti huo. Nami sikuacha kumkumbusha mgeni wangu kwamba mbegu za mathenge zilipandwa Bamburi, kwao Mombasa, mnamo 1973, kabla ya mti huo kuenezwa huku. Kabla hajapata jawabu, mwiba wa mathenge ulitoboa tairi.

Dereva alipokuwa akihangaika na jeki, tulikwenda kivulini walipokuwa wazee fulani wamepumzika, kila mmoja juu ya ekicholong yake, kigoda hicho ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Mwenzangu alikuwa amenunua chake Lodwar, akakitoa kwa fahari, akakaa, akaanguka chali. Wazee walicheka kwa moyo mweupe. Nilihisi kwamba tulikuwa tumelipa ushuru wa kivuli.

Kakuma tulifika alasiri. Kambi hiyo ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu, na leo humo mna Wasomali, Wahabeshi, Warundi, Wakongo, na watoto waliozaliwa papo hapo wasiojua kwingine. Mama mmoja wa Kikongo alitukaribisha uani. Mwenzangu, kwa kuchoka, aliegemea gunia, akauliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Mama, hiyo bustani iko wapi?"

"Baba, umeiegemea."

Ndani ya gunia mna udongo, na katikati nguzo ya kokoto inayoyashusha maji hata chini. Ubavuni, kwenye matundu, sukuma wiki imechomoza pande zote, na juu mchicha. Mgeni aliomba maji ya kunawa, akanawa, akainua beseni ayamwage njiani, na yule mama akamkamata mkono kwa wepesi ambao sikuutazamia: "Usimwage, baba, hayo ni ya mboga." Nimeona bustani za magavana zinazonyweshwa usiku na mchana bila ya kutoa hata jani la kula, na kwa insafu nasema kwamba hii ya gunia inazishinda zote.

Tulinunua mafungu ya mchicha, tukaula usiku ule Lodwar kwa ugali, naye sahibu yangu, aliyekuwa hajatamka neno tangu Kakuma, akaomba aongezwe. Atakayekuja baada yake na achukue matairi mawili ya akiba.