Dawa ya mbio haina kazi Diff

Aibu ya gari kusukumwa na watoto wa duksi, yaani madrasa, haipoi upesi, hasa ikiwa jana yake mwenye gari alikaa hotelini kwenye chai akitangaza, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba ameipata ile dawa wanayotia watu wa magari ya mashindano, na kwamba sasa kutoka Diff, kwetu huku mpakani, hadi Wajir mjini ni kufumba na kufumbua. Leo Probox imekohoa mara mbili, ikazima mchangani mbele ya soko zima. Watoto wanasukuma kwa moyo mmoja na kucheka kwa moyo huohuo. Wazee wako kivulini, wanatazama, hawasemi neno, na hilo ndilo baya zaidi. Kisa cha namna hii kikitokea, lawama huangukia plagi kwanza, kisha pampu, kisha jicho la hasidi. Methanoli, ambayo ndiyo dawa yenyewe, haishtakiwi. Nami naona ni haki isishtakiwe, kwa kuwa haina kosa. Kosa ni kuitia kwenye injini ambayo haikuiomba, tena juu ya mafuta ambayo hakuna anayejua yamebeba nini.

Tuisifu kwanza, maana inastahili. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Methanoli hutosheka na 6.4. Kwa hiyo hewa ileile iliyoingia kwenye silinda inaweza kuchoma methanoli zaidi ya mara mbili ya petroli. Ni kweli kwamba kilo ya methanoli haina hata nusu ya nishati ya petroli, kama megajuli 20 dhidi ya 44, lakini piga hesabu yote pamoja na utakuta kila pumzi ya injini inatoa nguvu zaidi kidogo. Uzuri wenyewe uko mbele. Methanoli inapogeuka mvuke hunyonya joto karibu mara tatu ya petroli, hewa inayoingia inapoa, ikipoa inajibana, na silinda inapata nafasi ya kumeza nyingine. Injini yenye turbo inaweza kushindiliwa hewa hadi ukashangaa, bila mafuta kujilipukia kabla ya zamu yake na injini kuanza kugonga. Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia walirusha ndege za kivita kwa mchanganyiko walioita MW 50, nusu methanoli nusu maji, uliopulizwa kwenye injini rubani anapotaka kumkimbia adui au kumkimbiza. Mwaka 1962 Wamarekani wakaleta Oldsmobile Jetfire, gari la mtu wa kawaida lenye turbo na kitangi chake cha maji na methanoli. Wenye magari walisahau kukijaza, na baada ya miaka miwili Jetfire ikaachwa. Hao ni watu wenye kituo cha mafuta kila kona.

Kwenye mbio za magari za Indianapolis methanoli ilitawala kwa sababu nyingine kabisa. Katika mashindano ya 1964 moto wa petroli uliwaua Eddie Sachs na Dave MacDonald, na tangu 1965 magari yakaanza kuhamia methanoli, kwa kuwa moto wake huzimika kwa maji. Ikabaki hapo kwa miongo minne, hadi ethanoli ilipoipokea. Ila moto huo una tabia ya kijini: mchana hauonekani. Mwaka 1981 Rick Mears alishika moto alipokuwa akijaziwa mafuta, akawa anahangaika na kujipigapiga huku baadhi ya waliomzunguka hawaoni cha kuzima. Aliungua usoni, akapona, akarudi kushinda tena. Sasa lichukue jua la Diff la saa saba mchana, weka jerikeni linalovuja na kijana mwenye sigara, kisha uniambie nani atajua moto umeanza wapi.

Kuna atakayesema: kama inapoza, si ndiyo dawa hasa ya joto letu? Hoja ina mantiki, na ingeshinda kama Probox ingekuwa na turbo, injekta kubwa na kompyuta iliyopangwa upya. Haina hata kimoja. Injini yake ndogo ya lita 1.5 imetengenezwa kwa petroli ya kawaida. Ukitia methanoli tangini, inakuja na oksijeni yake ndani na nishati pungufu, kompyuta inajaribu kufidia kwa kuongeza mafuta, na ikifika mwisho wa uwezo wake mchanganyiko unakuwa mwembamba, mafuta machache kwa hewa nyingi. Mchanganyiko mwembamba huchemsha injini, kwa hiyo aliyetafuta ubaridi amenunua moto. Mwingine atataja oktani, kwamba methanoli inafika kama 109. Sawa, lakini oktani si nguvu, ni uvumilivu, na injini isiyobanwa haina cha kuvumilia. Mwenye Land Cruiser ya dizeli naye asijisumbue: injini ya dizeli huwasha mafuta kwa kuyabana, na methanoli ikibanwa peke yake haiwaki. Na Wachina je? Kweli, jimbo la Shanxi limeuza petroli yenye asilimia 15 ya methanoli, na Geely hutengeneza magari yanayokunywa methanoli tupu. Lakini gari la methanoli tupu limejengwa na tangi lake, mipira yake na pampu yake, na ile petroli ya asilimia 15 imepimwa kabla ya kufika kwa mteja. Diff kipimo ni jicho la muuzaji.

Hapo ndipo siri ya ile Probox iliyozima ilipo. Methanoli inapenda maji kuliko inavyoipenda petroli. Jerikeni letu la manjano juzi lilibeba maji ya kisima, jana petroli, na kati ya safari hizo mbili lilipinduliwa kidogo tu likauke. Kiasi kidogo cha maji kinatosha: methanoli inaiacha petroli, inashikana na maji, na kwa kuwa ni zito, tabaka hilo linashuka chini ya tangi, palepale pampu inapovuta. Injini inapewa maji yaliyotiwa dawa. Fundi akifika atauliza, “Adeer, umetia nini humu?” na mwenye gari atajibu hakutia kitu. Gari jingine hulainika mpira wa mafuta likavuja. Jingine huliwa alumini yake taratibu.

Lakini watu hawatafuti dawa kwa ujinga. Wanaitafuta kwa sababu mafuta yenyewe wameshayakatia tamaa. Kila tarehe 14 bei mpya hutangazwa, na Mandera huwa kileleni mwa orodha, huku orodha yenyewe ikiishia kwenye vituo, wala si kwenye jerikeni za kando ya barabara. Mwaka 2018 serikali, ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli, ilibandika ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mchanganyaji alipoteza faida yake, sikatai. Aliyelipa ni mama mwenye taa ya chemni, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Adhabu ilifika hadi mpakani bila shida ya barabara. Vipimo vya ubora havikufika.

Nimeacha la hatari zaidi mwisho. Huku mafuta huhamishwa kwa mpira na mdomo: unavuta, yakikaribia unatema, unaingiza mpira tangini. Petroli ikikupitia koo utajuta. Methanoli unaweza usijute upesi, maana dalili hukawia saa nyingi, hata siku nzima, wakati mwili unaigeuza asidi inayoua mshipa wa fahamu wa macho. Mililita 10 zimewahi kutosha kupofusha mtu. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya Wakenya, na hao walidhani wanakunywa kitu kingine. Anayevuta kwa mdomo anajua alichotia. Kwa hiyo kabla hujanunua dawa ya mbio, nunua pampu ya mkono. Ukishindwa, inua jerikeni juu ya pipa na utumie faneli ya chupa iliyokatwa. Na ikiwa umeshaimeza, usingoje macho yaanze kuona ukungu: nenda hospitali leo hii na useme wazi ni methanoli, kwa sababu tiba ipo na inafanya kazi ikiwahiwa.