Mhadhara wa Profesa wa Raba

Mwenyekiti wa mtaa, mafundi wote wa katambuga mliokalia matairi yenu, na akina mama mliokuja mkidhani ni semina yenye posho: itifaki imezingatiwa. Posho hakuna. Kuna elimu.

Mimi ni mtaalamu wa raba rafiki wa mazingira. Uprofesa wangu hautoki chuo chochote, kwa sababu hakuna chuo kilichofikia kiwango cha kunitahini. Nimejitunuku mwenyewe baada ya semina ya mtandaoni ya saa mbili, ukitoa dakika arobaini bando lilipokuwa limekwisha.

Nimekuja hapa Arusha kuwafundisha jambo ambalo masikio yenu hayajawahi kulisikia: kitu kilichotupwa kinaweza kugeuzwa kiatu. Mzee pale mbele, shikamoo, naomba uache kwanza kukata tairi. Elimu haiingii penye kelele. Haya, malizia hiyo moja.

Mwaka 2015, jijini New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kampuni ya Adidas na shirika la Parley walionyesha raba iliyofumwa kwa nyuzi za takataka za baharini, zikiwemo nyavu za majangili wa samaki waliofukuzwa na meli ya shirika la Sea Shepherd kwa siku 110. Siku mia na kumi, ndugu zangu! Baadaye zikaja jozi za kuuza, kila jozi ikila chupa za plastiki kama 11. Nimemuuliza mzee hapa matairi anayapata wapi, akanijibu: kwa mpwa wangu, gereji, nyuma ya nyumba. Hajafukuza mtu hata nusu siku. Hapo ndipo mnapofeli. Kiatu bila hadithi hakina bei.

Sasa sayansi. Chupa hukatwakatwa, huoshwa, huyeyushwa, kisha hukamuliwa kwenye matundu madogo mno, kama mama anavyokamua tambi, ila hizi ni tambi za polyesta, nyembamba kama nywele. Kwa nyuzi hizo hufumwa sehemu ya juu ya raba. Soli je? Swali zuri, ingawa hakuna aliyeuliza. Soli mara nyingi ni sponji ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi, na gundi hiyo haiachii kirahisi pale unapotaka iachie. Kutenganisha kitambaa na sponji, ili kila kimoja kirudi kiwandani kwake, ni kazi isiyolipa. Kwa hiyo raba iliyotoka jalalani ikichakaa hurudi jalalani. Wataalamu tunauita mduara.

Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walipima jozi moja ya raba za kukimbilia: vipande 65, hatua za kutengeneza zaidi ya 360, na kilo 14 hivi za kaboni dayoksaidi, sehemu kubwa ikitoka kwenye utengenezaji wenyewe, si kwenye malighafi. Nami nikaona nipime kazi ya mzee. Anachora mguu wa mteja kwa chaki. Anachovya kisu majini ili mpira usikishike. Anakata, na tairi lenye waya halitaki hata kuliona. Anatoboa, anapitisha kanda, anagonga misumari. Nikasubiri hatua ya saba. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono apokee hela yake. Kaboni nilishindwa kuipima, maana kitu pekee kilichotoa moshi pale ni sigara ya mteja.

Atatokea mbishi aseme soli za tairi zimeshavuka mipaka. Ni kweli, Bethlehem Tilahun Alemu wa Addis Ababa alianzisha kampuni ya soleRebels mwaka 2004, akauza hadi ng'ambo viatu vyenye soli za matairi chakavu. Wazo hilo hata mimi nilikuwa nalo, ila nilikuwa darasa la sita na hakuna aliyeniuliza.

Nitazameni miguuni. Raba hizi zimekula mshahara wangu wa mwezi mzima. Kampuni siitaji, wakili wangu amenikataza. Kitambaa ni chupa, kamba ni chupa. Nimezivaa wiki tatu tu, na tayari nahisi bahari inanishukuru.

Naona vijana wa nyuma wanacheka. Jamani, nazungumzia tabianchi! Ah. Kumbe anayecheka si wao peke yao. Raba ya kushoto nayo inacheka, imeachama kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kisigino. Jua la leo limelainisha gundi. Hii si kasoro, andikeni: ni njia ya hewa.

Mzee ananiita. "Mwanangu, lete." Nimemkumbusha kuwa ni Profesa. "Lete, Profesa."

Ameikung'uta vumbi, ameigeuza, ameinusa gundi na kukunja uso. Sasa anapitisha sindano yenye uzi wa nailoni, na anasema soli hii ikiisha atanitilia ya tairi. Nimemweleza kwamba hapo atakuwa ameharibu hadithi ya bidhaa. Amenipa katambuga nisubirie nazo, za mteja ambaye hakurudi kuzichukua. Zote mbili ni za mguu wa kulia.

Kwa hiyo maswali nitayapokea nikiwa nimekaa. Lile la mzee, kwamba nalipa taslimu au kwa simu, si swali la kitaaluma, lakini nitalijibu. Mzee wangu, nitajie namba.