Siki ya Madoa

Yote yalianza na neno moja: "Inategemea."

Mwenzangu wa kazini, aliyehamishiwa Mombasa kutoka Nairobi, aliniuliza mishkaki ya kwetu huliwa na divai gani. Mtu mwenye akili zake angemjibu, "Ndugu yangu, mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, divai sijapata hata kuinusa." Mimi nikajikuna kidevu. "Inategemea," nikasema, "kama ni ng'ombe au mbuzi."

Jumamosi jioni akabisha hodi, chupa mkononi. Divai nyekundu ya Dodoma, akanieleza kwa furaha, huko ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Shangazi alikuwa jikoni, hatua nne kutoka mlangoni. Nikaipokonya ile chupa, nikaitia kikapuni, nikaifunika kwa leso na kutangaza kwamba leo twala nje.

Gari lake alikuwa ameliacha karibu na Fort Jesus. Kutoka kwetu, Ndia Kuu, hapo ni dakika chache tu kwa mtu asiyebeba kitu. Lakini vichochoro vyetu havikujengwa kwa ajili ya siri. Kila nyumba ina baraza, na kila baraza lina watu waliomaliza kazi zao tangu alasiri. Mgeni wangu alitangulia, akipiga picha milango ya nakshi. Mimi nikafuata nyuma, shingo ya chupa imechomoza kikapuni kama kuku wa kuchinjwa.

"Masalkheri, mwanangu. Wabeba nini humo?"

"Siki, bi."

"Alhamdulillahi! Kachumbari yangu imekosa siki. Nimiminie kidogo."

"Hii si ya kula, bi. Ni ya kuondolea madoa."

Akainuka kabisa. "Basi hiyo ndiyo niitakayo! Kanzu ya baba yao ina doa la mchuzi tangu Idi."

Nikamwahidi. Sijui habari ilipita kichochoro gani, maana nilipofika baraza la pili nikaulizwa dawa ya madoa nauza bei gani. Nilifika Fort Jesus nimeshapokea oda tatu. Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593, na wale walikuwa watu wa divai hasa, lakini sidhani yuko Mreno aliyeipitisha chupa mji huu kwa tabu kama yangu.

Tukaifungia kwenye buti, tukaenda kwa mchoma mishkaki. Hapo nikakiri. Alicheka hadi akashika meza, kisha akanisomesha. Divai nyekundu ina ukakasi, ule ule wa strungi iliyosahauliwa jikoni, na nyama yenye mafuta huutuliza. Uchachu wake nao hukata mafuta mdomoni. Ila pilipili ikiingia kati, ukakasi huo huzidi kuuchoma ulimi. Akalitazama bakuli la pilipili mbele yetu kwa huzuni.

Mafuta yalikuwa yakidondokea makaa, yakilia chwaa, na kila moshi ulipopanda mchomaji aliugeuzia kwetu kwa kipepeo chake. Bila kuulizwa, akatuwekea gilasi mbili za ukwaju baridi. Hakuna aliyetaka kujua inategemea nini.

Mgeni akaishika gilasi kwa vidole vitatu, akaizungusha, akanusa, akapiga funda na kuliweka mdomoni muda mrefu, macho amefumba.

"Asidi ya tartariki," akasema taratibu. "Ndiyo hii hii iliyomo kwenye zabibu."

"Kwa mbuzi," nikamwambia, ujuzi umenirudia, "twaongeza ndimu."

Akaizungusha tena kwa heshima zaidi. Ukwaju ukaruka, ukatua kifuani pa shati lake jeupe.

Mchomaji akaacha kupepea.

"Itoe basi ile dawa yako," akaniambia. "Mtaa mzima wajua unayo."