Namna ya kumpima kocha mgeni ukiwa Shinyanga au Geita

Anza kwa kuacha kumwangalia midomo. Nakijua kijiwe chenu: wimbo wa Taifa unapigwa, kamera inapita kwenye benchi la ufundi, na watu kumi wanabishana kama kocha anaimba au anatafuna bazoka. Waingereza nao wameugua ugonjwa huo. Septemba 2024 kocha wao wa muda, Lee Carsley, mzaliwa wa Birmingham aliyeichezea Jamhuri ya Ireland, alikaa kimya wimbo ulipopigwa, magazeti yakamshukia. Mjerumani Thomas Tuchel, aliyekuja baada yake, alisema haki ya kuimba ataitafuta kwanza kwa kazi. Jibu hilo litunze, linafaa hata kwenye uwanja wa Kambarage.

Halafu chukua kipimo cha machimboni, maana mpira wa ukanda huu umelelewa na migodi: Mwadui kwa almasi, Geita Gold kwa dhahabu ya jina lake, Stand United kwa udhamini wa Acacia. Kwenye duara la wachimbaji Nyarugusu utamkuta Msukuma, Mha, Mkurya na aliyevuka mpaka. Mwenye duara hawaulizi wamezaliwa wapi. Anauliza nani anausoma mwamba, na nani atashuka zamu ya usiku. Mzigo ukitoka, mgao unafuata makubaliano.

Sasa mpime Etienne Ndayiragije kwa kipimo hicho. Mrundi huyu aliinoa Mbao ya Mwanza, akapita KMC na Azam, na Julai 2019 akakabidhiwa Taifa Stars baada ya Emmanuel Amunike kuondoka. Ratiba ya kufuzu Kombe la Dunia 2022 ikaipangia Tanzania mpinzani gani? Burundi. Tarehe 4 Septemba, Bujumbura, nyumbani kwao, sare ya 1–1, Simon Msuva akisawazisha. Siku nne baadaye Dar es Salaam, 1–1 tena, wakaenda kwenye matuta, Tanzania ikashinda 3–0. Tulia hapo kidogo, usikimbilie kushangilia. Kuna mtu aliyepanga mazoezi, akachagua wapigaji, akajua fika kwamba kazi yake ikifanikiwa mtaani kwao watalala na huzuni. Aliifanya kikamilifu. Kama huo si uaminifu, mimi sijui neno hilo lina kazi gani.

Mwaka 2021 alifika Geita, timu ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu. Matokeo yakasuasua, akafungashiwa virago mapema, na Fred Felix Minziro akaichukua timu na kuimaliza katika nafasi ya nne, George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17. Sina ugomvi na uamuzi huo, Minziro alifanya kazi kubwa. Lakini Ndayiragije alipokwenda baadaye kuifundisha Burundi yake, hakuna shabiki wa Geita mwenye haki ya kusema ametusaliti. Mlango tuliufungua sisi.

Kijiwe kikiendelea kubisha, kitajie Annaba, 7 Septemba 2023. Adel Amrouche, mzaliwa wa Algeria, aliingia ardhi ya kwao na Taifa Stars, akatoka na 0–0 iliyoipeleka Tanzania Afcon. Januari iliyofuata maneno yake kuhusu Morocco yalimponza, CAF ikamfungia mechi nane, na timu ikashikwa na Hemed Suleiman, ambaye wote tunamwita Morocco. Huyo ni Mzanzibari, na aliwahi kuinoa Geita Gold. Desemba 2017, kwenye Kombe la Chalenji nchini Kenya, aliiongoza Zanzibar Heroes kuichapa Tanzania Bara 2–1. Aliipigania timu iliyomwajiri siku hiyo, kama anavyopaswa kocha yeyote.

Kabla hujamaliza, geuza kipimo upande wako. Msimu wa 2015/16 Mfaransa Patrick Liewig alikuwa Shinyanga akiifundisha Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi. Mwaka 2016 klabu hiyo ikapasuka pande mbili, kampuni na wanachama, na udhamini wa mgodi ukakatika. Aliyeipasua si Mfaransa. Tulikuwa sisi wenye kadi, wenye jezi, tunaoimba wimbo wa Taifa beti zote mbili bila kukosea. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo kocha mgeni akishuka, msalimie kwa Kisukuma, «Mwangaluka», kisha msubiri aitikie vibaya, halafu mfundishe. Mpe michembe na karanga. Mshahara wake utoke tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa sababu ahadi ya klabu ndiyo inayotangulia kabla hujadai ahadi yake. Ukimwona analala akiwaza uwanja wenye vumbi na beki wa kushoto aliyeumia, basi huyo ni wenu kwa muda wote atakaokuwa kazini.

Na siku mkiachana, msindikize stendi alfajiri. Basi la Kahama linaondoka mapema, na barabara hiyo ukiifuata kupitia Nyakanazi hadi Kabanga unaingia Burundi. Mbebee begi, mwambie «wabeja», asante, na usimuulize anakwenda kumfundisha nani.